Kununua nyumba Lisboa: miezi 21 ya kutafuta, nyumba nne, na karatasi zilizotuokoa (uzi mrefu, chukueni chai)

Mwana wa Ruvuma (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kuna mdau aliuliza kama mtu wa kwetu anaweza kununua nyumba Ureno bila kuwa raia. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu mpaka nikaona aibu, bora nilifungulie uzi wake. Jibu fupi: anaweza, sheria haimkatazi mgeni kumiliki nyumba. Unahitaji NIF, yaani namba ya mlipakodi, na akaunti ya benki. Jibu refu ndilo hili.

Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Mtwara, niko Lisboa tangu 2019. Mke wangu ni wa Pemba, ile ya Msumbiji, msinipeleke Chake Chake. Kwao wanasema Kimwani, Kireno kakisomea darasani. Bila Kireno chake uzi huu usingekuwepo.

Nyumba ya kwanza tuliiona Juni 2023, Alfama. Kwa asiyepajua, ni mtaa wa kale chini ya ngome, vichochoro kama vya Mji Mkongwe, ila hivi vimepandishwa mlimani. Hata jina ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto, ndugu yake hamamu yetu. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, pamoja na moto na mawimbi yaliyofuata, liliharibu sehemu kubwa ya mji, lakini Alfama ilisalimika kuliko bondeni. Tulipanda siku mbili baada ya sikukuu ya Mtakatifu Antonio. Mapambo ya karatasi bado yananing'inia, ngazi zinanuka sardini za kuchoma. Tukaingia, dalali akafungua dirisha, mto Tejo wote ukawa mbele yetu. Tangazo linasema T1 (chumba kimoja na sebule, T2 ni vyumba viwili, T0 ni chumba kimoja kila kitu humo humo), mita 52 za mraba, euro 240,000. Mke wangu akasimama dirishani, akanyamaza. Nikajua nimekwisha.

Dalali akatuambia kuna Mfaransa anakuja saa kumi. Dalali ni dalali, awe wa Kariakoo au wa Lisboa. Nikawa tayari kutoa arubuni siku ile ile.

Aliyetuokoa ni shemeji, mume wa dada yake mke wangu, amekaa huku miaka mingi. Aliuliza swali moja kwenye simu: "Karatasi mbili mmeziona?" Hatukuziona. Kumbe ya kwanza ni caderneta predial, inatoka mamlaka ya kodi, inaonyesha ukubwa na matumizi ya nyumba. Ya pili ni certidão permanente, inatoka kwa msajili wa majengo. Ina namba ya siri, ukipewa unaisoma mwenyewe mtandaoni. Humo unamkuta mwenye mali, rehani, zuio la mahakama, kila kitu. Dalali alizungusha siku tatu kutuma. Zilipofika, nyumba ilikuwa na mita 31. Zile 21 nyingine, yaani chumba chenye lile dirisha, zimeandikwa arrecadação. Stoo. Dari ya paa iliyogeuzwa chumba, karatasi hazijui.

Benki inakopesha kwa kilichoandikwa. Sisi tungelipa mita 52, tukamiliki 31 na stoo yenye mandhari nzuri.

Naendelea baadaye, natoka zamu ya usiku.

Kitunguu Maji

Mkuu naweka kambi hapa. Ila niseme ukweli, fundi umeme ananunua nyumba Ulaya ya milioni mia saba na ushee za Kitanzania? Hii chai imezidi sukari.

Mwana wa Ruvuma

Kitunguu, sijasema nililipa taslimu. Ni mkopo wa miaka 30, mjukuu wangu ataukuta. Hesabu nitaiweka yote, subiri.

Otieno wa Kisumu Ndogo

Boss, na ile golden visa? Kuna jamaa hapa Nairobi anauza semina, anasema ukinunua nyumba Lisbon unapewa makaratasi.

Mwana wa Ruvuma

Ndugu yangu Otieno, huyo mwambie akurudishie ada ya semina. Mpango ulianza 2012, na njia ya kununua nyumba ilifungwa Oktoba 2023 kwa sheria namba 56 ya mwaka huo, ile waliyoiita Mais Habitação. Hispania nao walifuta wa kwao Aprili 2025. Ugiriki bado upo, ila kwa Athens nyumba ya kawaida kima kimepandishwa hadi euro 800,000 tangu Septemba 2024. Huku leo nyumba ni nyumba, ukaazi ni ukaazi, kila kimoja kina foleni yake. Unaweza kuwa na hati ya nyumba mkononi na bado ukahesabiwa siku 90 za mtalii.

Haya, nyumba ya pili. Januari 2024, mtaa wa Graça. Shemeji alishatuonya: nyumba ya Lisboa usiitazame Juni, itazame Januari mvua ikinyesha. Mji huu una jua kama saa 2,800 kwa mwaka, kwa hiyo waliojenga zamani hawakuhangaika na kupasha joto. Kuta hazina kizuizi cha baridi, madirisha ni kioo kimoja, sakafu za mbao zina hewa chini. Nimefanya kazi majumba ambayo ndani nimevaa koti na kofia, nje watu wanakunywa kahawa juani. Mtu wa Mtwara unaweza kulia.

Ile ya Graça ilikuwa imepakwa rangi mpya nyeupe, inang'aa. Nikasikia mngurumo mdogo nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Kuna mashine ya kunyonya unyevu, imechomekwa, imesukumwa kwenye kona. Dalali yuko sebuleni na mke wangu. Nikavuta kile kitangi cha chini: maji yamejaa karibu hadi mdomoni, zaidi ya lita mbili. Nikagusa ukuta kwa kiganja, rangi ikaja na mkono kama chapati iliyolala. Nikarudisha kitangi taratibu, nikatoka, nikamwambia mke wangu kwa Kiswahili, "Hapa tunafuga samaki." Dalali akacheka na sisi, hajui tunacheka nini.

Binti Shangani

Jamani mkono wa chapati iliyolala 😂 Kaka, mimi nipo Muscat, mume wangu anataka tununue huko tukistaafu. Nauliza hiyo arubuni: ukighairi unaipoteza?

Mwana wa Ruvuma

Dada Binti Shangani, ndiyo, na hapa ndipo pa kutulia.

Mkikubaliana bei mnaandikiana mkataba wa awali, wanauita CPCV. Unatoa arubuni, wao wanaiita sinal, mara nyingi asilimia 10, wengine 20. Ukijitoa wewe, imekwenda. Akijitoa muuzaji, anakurudishia mara mbili. Kwa hiyo, kama unategemea benki, hakikisha mkataba unaandika kwamba mkopo ukikataliwa fedha yako inarudi. Dalali wetu alituambia sentensi hiyo "haina haja". Ina haja! Mwanasheria aliiandika kwa mistari miwili tu.

Kabla ya mauzo kukamilika kuna watu wenye haki ya kununua mbele yako kwa bei ile ile. Mpangaji aliyekaa zaidi ya miaka miwili ni mmoja. Manispaa, kwenye maeneo ya kihistoria, ni mwingine. Kwa manispaa, tangazo linawekwa kwenye tovuti ya serikali iitwayo Casa Pronta, nayo inapewa siku kumi za kazi kusema inaitaka au haiitaki.

Mzee wa Forodhani

Hiyo kwa fiqhi yetu ndiyo shufaa, mshirika ana haki mbele ya mgeni. Na sinal mara mbili nimeipenda. Kwetu muuzaji akighairi anakurudishia ulichotoa kwa mafungu, na maneno juu.

Mwana wa Ruvuma

Sahihi kabisa Mzee. Na mpangaji ni zaidi ya shufaa. Ukiona tangazo la bei ya kutupa, soma mpaka chini, utakuta "com inquilino", inauzwa na mpangaji ndani. Kodi za nyumba huku zilishikiliwa miongo na miongo, na wazee wenye mikataba ya kabla ya 1990 wanalindwa sana. Tuliona tangazo la T3 katikati ya mji, mama wa miaka themanini na kitu yumo ndani, analipa kodi ambayo hainunui hata tiketi za metro za mwezi kwa familia. Mnunuzi anasubiri nini? Anasubiri mama afe. Mke wangu alisema hataki nyumba ambayo kila akiamka anamwombea mtu mwisho. Tukaliacha.

Fundi Mchundo

Mkuu hapo sawa. Mimi ni wa ujenzi, niambie kuhusu tetemeko. Majengo ya huko ya zamani yanasimamaje?

Mwana wa Ruvuma

Fundi, umenigusa penyewe, na hii ndiyo nyumba ya tatu.

Baada ya 1755, Marquês de Pombal alijenga upya mtaa wa Baixa kwa mfumo wa gaiola, maana yake tundu la ndege. Ndani ya kuta kuna fremu ya mbao iliyofungwa kwa misalaba ya X, ili jengo liyumbe bila kumwagika. Ni kazi ya heshima. Tatizo ni waliofuata. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 hadi kama 1930 mji ulipanuka haraka, wajenzi wakaiga gaiola bila misalaba, mbao nyembamba, chokaa hafifu. Majengo hayo watu wanayaita gaioleiro, na ndiyo mengi utakayoyaona Arroios, Penha de França na Avenidas Novas: dari ndefu, vigae vya azulejo mbele, balkoni za chuma. Mazuri mno kwa macho.

Tulipata T2 Arroios, jengo la 1912, mita 70. Kavu kabisa, tumeikagua mara tatu. Bei tumeelewana, CPCV tunasaini wiki inayofuata. Tarehe 26 Agosti 2024, saa kumi na moja na dakika kumi na moja alfajiri, kitanda kikaanza kutembea. Tetemeko la 5.3, kitovu baharini upande wa Sines. Halikuua mtu. Glasi kwenye kabati ziligongana kama sekunde kadhaa, kisha kimya, kisha mbwa wote wa mtaa.

Asubuhi sikwenda kazini moja kwa moja, nilipita Arroios. Chini ya lile jengo kuna mgahawa. Nimewahi kunywa kahawa pale mara mbili nikisubiri dalali, sikuona kitu. Siku ile ndiyo nikaona: ukumbi umefunguka kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, hakuna ukuta wa kati hata mmoja. Waliuondoa kupata nafasi ya meza. Juu yake ghorofa nne za mawe na mbao. Nikamuuliza mhudumu ukuta uliondolewa lini, akasema ameukuta hivyo. Nikampigia mke wangu nikiwa pale pale mlangoni.

Toka siku hiyo swali langu la kwanza kwa dalali likawa mwaka wa jengo. Kanuni ya kwanza ya ujenzi wa kuhimili tetemeko Ureno ni ya 1958. Nikaweka mstari hapo.

Fundi Mchundo

Ukuta wa chini ndio jengo lenyewe. Kariakoo tunajua hiyo hadithi.

Mwana wa Ruvuma

Sasa nyumba ya nne, tunayokaa. Olivais, mtaa uliopangwa miaka ya 1960, jengo la zege la 1966, T2, mita 62, ghorofa ya pili, hakuna lifti. Hakuna azulejo, hakuna mto dirishani. Kuna miti, kuna metro ya laini nyekundu, na kuna uwanja wa ndege jirani, ndege ya kwanza inakuamsha bila malipo. Tuliitazama Desemba mara mbili, mara moja usiku. Bei euro 265,000.

Hesabu niliyomwahidi Kitunguu. Benki ilimtuma mthamini wake, akasema 258,000. Hapo ndipo wengi wanaangukia pua: benki inakopesha kwa kile kilicho kidogo, bei au thamani. Tulipewa asilimia 85 ya 258,000, sawa na 219,300. Pengo la 45,700 ni letu. Juu yake kodi ya uhamisho, IMT, ambayo kwa nyumba ya kuishi mwenyewe ilikuja kama 8,300. Ushuru wa stempu asilimia 0.8 ya bei, 2,120. Stempu ya mkopo asilimia 0.6, kama 1,316. Jumla elfu hamsini na saba na ushee, mkononi, kabla ya mwanasheria na notari. Anayesema "wanakupa mkopo asilimia 90" anakuhadithia nusu ya kwanza tu. Na kama huishi Ureno kikodi, usitegemee hata hiyo. Wengi wanaishia kama 70 au chini.

Kichekesho: tangu Agosti 2024 mwenye miaka 35 au chini anasamehewa IMT kwa nyumba ya kwanza ya kuishi, hadi kiwango fulani cha bei. Mke wangu alitimiza 36 miezi mitatu kabla ya kusaini. Tungeokoa nusu ya IMT, ile ya fungu lake. Hatulizungumzii nyumbani.

Kitunguu Maji

Nimefuta neno chai. Hiyo 57 ulitoa wapi mkuu, kama si siri?

Mwana wa Ruvuma

Akiba ya miaka mitano ya wawili, na kiwanja cha Mtwara. Kiwanja hicho kilinitoa jasho kuliko nyumba nne zote.

Benki zinataka ushahidi wa fedha ilikotoka. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu (nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na fedha chafu, Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Mimi nilisaini Machi 2025, kwa hiyo nilichujwa na chujio dogo kabisa. Nilipeleka mkataba wa mauzo wa ukurasa mmoja, wenye saini za mashahidi wanne, dole gumba la mama mdogo na mhuri wa Serikali ya Mtaa. Ofisa akaugeuza huku na huku, akauliza hii "Serikali ya Mtaa" ni taasisi gani ya fedha. Mke wangu akaanza kumweleza mwenyekiti wa mtaa ni nani. Tulikaa dakika arobaini. Mwisho walitaka tafsiri rasmi, taarifa ya benki ya mnunuzi kunilipa, na hati ya mimi kukipata kiwanja mwanzo. Ilichukua wiki saba. Ushauri wangu, ukiuza kitu nyumbani kwa ajili ya kununua huku, fedha ipite benki hadi benki. Ya mkononi, hata iwe halali kama maziwa, huku ni ya mashaka.

Binti Shangani

Na gharama za kila mwaka kaka? Na msikiti, na mchele wa biriani?

Mwana wa Ruvuma

Kodi ya jengo, IMI, Lisboa ni asilimia 0.3, na inapigwa kwenye thamani ya mamlaka ya kodi, ambayo kwa nyumba za zamani iko chini sana ya bei ya soko. Yangu haifiki euro 250 kwa mwaka. Ada ya jengo tunalipa 38 kwa mwezi. Kabla ya kusaini, muuzaji analeta karatasi ya uongozi wa jengo inayoonyesha madeni na kazi zilizopitishwa, ni sheria tangu 2022. Isome. Kibali cha matumizi ya nyumba, kinyume chake, sharti la kukionyesha siku ya hati liliondolewa 2024, kwa hiyo nenda manispaa ukakitafute mwenyewe.

Msikiti mkuu uko karibu na Praça de Espanha, tangu 1985. Waismailia nao wana kituo kikubwa tangu 1998, wengi familia zao zilitoka Msumbiji. Mchele, viungo na hata mihogo utapata Martim Moniz, bei ya kuzungumza.

Lugha isikutishe sana. Wiki ya kwanza ya matengenezo nilikwenda duka la vifaa bila mke wangu, nikasema tu nilichozoea, parafujo. Muuzaji akaleta parafuso, boksi zima. Bomba ni bomba, kopo ni copo, meza ni mesa. Ila ukiuliza gereza watakuelekeza kanisani, wao igreja ndiyo kanisa. Babu zetu waliona jengo lile lile kwa jicho jingine.

Fundi Mchundo

Na umeme? Wewe fundi, uliukutaje?

Mwana wa Ruvuma

Nilikuwa nasubiri mtu aulize nione aibu vizuri. Mimi niliyepekua ukuta wa kila nyumba, hii niliyoinunua nilisahau kufungua soketi hata moja. Siku ya kuhamia nafungua ya jikoni: nyaya mbili, za ardhi hakuna. Nyumba nzima hivyo. Na mkataba wa umeme ulikuwa wa 3.45 kVA, yaani kipimo cha umeme unaoruhusiwa kuvuta kwa mara moja. Mke wangu akawasha oveni, mimi nipo bafuni na hita ya maji inafanya kazi, giza. Nimepandisha hadi 6.9 na kuvuta nyaya upya mwenyewe wikiendi tano, ukaguzi akasaini mwenye leseni.

Otieno wa Kisumu Ndogo

Boss, leta picha ya balkoni basi.

Mwana wa Ruvuma

Leo balkoni ina kanga nne kwenye kamba na ndoo moja. Ndoo ni ya kukinga maji ya jirani wa juu, paa linavuja. Mkutano wa wenye nyumba ni Alhamisi saa tatu usiku, ajenda ni moja, paa, na kila mmoja atachangia kwa fungu lake la umiliki. Letu ni 61 katika elfu. Makadirio ya mkandarasi bado hatujaonyeshwa. Nikitoka huko nitarudi na tarakimu.

Mzee wa Forodhani

Uliza kwanza nani kamleta huyo mkandarasi.

Mwana wa Ruvuma

Mzee, ni shemeji yake mwenyekiti.